Matembezi na Somo Yangu

Usiku ule nililala nimevaa sidiria. Najua ni habari ya chumbani na mwanamke wa umri wangu hapaswi kuitangaza, lakini nisipoanzia hapo hamtanielewa. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu siku niliyokuwa naoga nikagusa kinundu kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani. Kilikuwa kigumu kama kokwa ya ukwaju, na hakiumi. Sikumwambia mtu. Mchana nilishona nguo za watu kama kawaida, lakini kila nikijilaza, mkono wa kulia ulikuwa unaondoka wenyewe kwenda pale kupima kama kimekua. Nikaamua kuufungia njia. Ndiyo maana ya ile sidiria.

Kusema kweli nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba kitu nisichokitaja hakitanijua. Mwanangu Rehema, ambaye ndiye ninayeishi naye, aliniuliza mara mbili mbona sili, nami nikamjibu kwamba mchuzi wake hauna chumvi. Alinuna siku nzima, maskini, na mchuzi ulikuwa mzuri.

Tena mimi si mtu wa ndoto. Majirani wakikaa barazani wakianza kuhadithiana nani kaota anapaa, nani kaota meno yamemtoka, huwaambia wapunguze kula mihogo usiku. Wananiita mkavu. Sasa sikilizeni yaliyomkuta huyo mkavu.

Niliota ni Jumapili, alasiri, jua limeshapoa. Nimekaa barazani kwetu, Barabara ya Tisa, sina kazi yoyote mikononi. Kwa asiyeijua Tanga, barabara zetu za Ngamiani tunazitaja kwa namba. Unaanza ya kwanza kule upande wa reli, unahesabu kuja ndani mpaka ya ishirini na moja, na hapo zimekwisha. Mtoto wa Ngamiani hapotei ilimradi anajua kuhesabu.

Nikasikia ndala zinakuja zinaburuzwa, na kabla sijainua macho nikajua ni nani, kwa sababu ni mtu mmoja tu niliyemjua aliyekuwa mvivu wa kunyanyua miguu namna ile. Alikuwa Hawa. Na mimi naitwa Hawa. Kwetu watu wa jina moja huitana somo, na sisi tangu tuko madrasa hatukuwahi kuitana kitu kingine. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Mtu akiita "Hawa!" mtaani, tulikuwa tunaitika wote wawili kwa pamoja, "Abee!", halafu tunacheka, na aliyeita anabaki kajishika kiuno akieleza anamtaka yupi.

Somo alifariki mwaka juzi. Nilikuwa mmoja wa wanawake waliomwosha. Niliuona ugonjwa ulipoanzia na ulivyommaliza, na siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Sasa amesimama mbele yangu, amevaa lile dera la kijani nililomshonea mwenyewe, amenona, uso unang'aa. Na mimi ndani ya ndoto najua kabisa kwamba amekufa. Nikamtazama miguuni haraka, maana tangu utotoni tumeambiwa majini huwa na kwato. Ilikuwa miguu yake, vidole vifupi, ndala za bluu. Nilitamani zingekuwa kwato. Ningepiga kelele, watu wangetoka, yangekwisha. Lakini mtu utampigiaje kelele somo yako, na vidole vyake unavijua?

"Somo," alisema, "twende tukatembee."

Ndivyo alivyokuwa akisema kila Jumapili. Tulikuwa tukimaliza kazi za nyumbani tunajifunga vizuri, tunatoka bila safari wala haja. Tunashuka mjini polepole, tunasimama kwenye madirisha ya maduka ya vitambaa, tunazisema nguo za wapita njia, mimi kwa ufundi na yeye kwa ulimi, kisha tunakula visheti na kurudi kabla ya magharibi. Miaka zaidi ya ishirini, mji uleule, na hatukuuchoka. Nikajikuta nimesimama, nimechukua mtandio, ninamfuata. Miguu ilikwenda, lakini roho ilikuwa imebaki barazani inanivuta nguo.

Tukawa mjini. Sikumbuki kushuka, nilikuwa Barabara ya Tisa, na sasa tuko kwenye ile njia ya maduka ya vitambaa, vivuli vimelala, baiskeli zinapita bila kupiga kengele. Watu ni wengi na hakuna anayeongea. Nasikia matairi tu yakisaga mchanga.

Somo akasimama dirishani kama kawaida yake. Nikasogea nione anatazama nini. Duka lilikuwa limejaa majora kutoka chini mpaka darini, na yote meupe. Si meupe ya harusi. Ilikuwa ni bafta, ile ya sanda, na mimi ni fundi, najua bafta inakatwa ya nini, najua mwanamke anahitaji vipande vingapi na kila kipande kinakwenda wapi, kwa sababu nimewakatia wengi, na mmoja wao ni huyu niliyesimama naye bega kwa bega.

Mwenye duka, mzee mpole ambaye sikumfahamu, ananyoosha kitambaa juu ya meza, anakipima kwa mkono, kisha ananitazama kuanzia utosini hadi miguuni, macho ya mtu anayekisia urefu.

"Nikukatie?" akaniuliza.

Nikamwambia sikuja kununua, natembea tu.

"Haya, mama," akasema kwa adabu. "Hakikimbii."

Nilitoka pale mbio, kama mbio hizo zipo ndotoni. Nilitaka kurudi nyumbani. Nikahesabu barabara nikipanda: ya tano, ya sita, ya saba. Somo yuko pembeni yangu, anaburuza ndala zake, wala haharakishi, na bado tuko sambamba. Ya nane. Ya tisa. Naiona baraza yetu, nauona mlango uko wazi, nasikia hata cherehani yangu inakwenda ndani, na sijui nani anaiendesha. Nikataka kukata kona. Miguu ikapita. Barabara ya Kumi. Ya Kumi na Moja.

Hapo ndipo nikasikia naitwa.

"Hawa."

Sauti ilitoka mbele, mbali, ya kike, ya mtu asiye na haraka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kuitika, kwa mazoea, nikauziba kwa kiganja. Marehemu mama yangu alitukanya mapema sana: ukisikia jina lako na humwoni anayeliita, nyamaza, usiseme abee, subiri mpaka uuone uso. Kuna waliosema abee na hawakuonekana tena. Nikamtazama somo nione kama na yeye kasikia. Alikuwa amesikia. Alikuwa ananitazama mdomoni.

Tukawa tumekaa kwenye kibaraza cha nyumba nisiyoijua, somo ana kisheti mkononi. Akakimega katikati kama tulivyokuwa tukifanya, akanipa kipande kikubwa, maana siku zote alinipa kikubwa. Kimekolea sukari, kina harufu ya iliki, na mimi nina njaa ya wiki tatu. Lakini hata hilo lina makatazo yake: aliyekufa akikupa chakula ndotoni, ukila umekubali kumfuata. Nikajifanya natafuna. Nikakipitisha kipande chini ya mtandio, nikakifunga kwenye pindo la khanga, nikakaza fundo.

Hakudanganyika. Hakuwahi kudanganyika na mimi hata siku moja.

"Unaniogopa," alisema.

Nikamwambia ndiyo, namwogopa. Niliona haya kulisema. Huyu ndiye aliyelala na mimi chumbani wiki nzima mume wangu alipofariki, akinilisha uji kwa kijiko. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wengine, na pale nilikuwa natamani aondoke, atoweke, arudi alikotoka bila mimi. Hakuonyesha kukasirika. Alipangusa sukari vidoleni, akasimama.

"Hawa," sauti ikaita tena, sasa karibu zaidi.

Ya kumi na tano. Ya kumi na sita. Nyumba zinapungua, na jua limeganda palepale, halishuki. Ninahesabu kwa sauti ili nijisikie, kwa sababu nimeanza kudhani kwamba nikinyamaza nitakuwa sipo. Ya kumi na tisa, ya ishirini, ya ishirini na moja. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, zimekwisha, sasa atageuka, tutarudi.

Mbele yangu kulikuwa na kibao. Kimeandikwa kwa rangi nyeusi, mwandiko wa kawaida kabisa: Barabara ya Ishirini na Mbili.

Nimezaliwa Ngamiani, nimeolewa Ngamiani, nimefiwa Ngamiani. Barabara hiyo haipo. Nikageuka nyuma nirudi ya ishirini na moja, na nyuma yangu kulikuwa na kibao kingine, maandishi yaleyale. Nikasikia haja ndogo inanitoka na kunipita mapajani, na hata aibu sikuiona. Nilijua nimefika wanakofika watu.

Barabara ile ilikuwa na ukuta mrefu tu, chini umepakwa rangi ya bluu, juu nyeupe, na mbele ya ukuta kuna benchi. Benchi hilo halina mwisho. Wamekaa wanawake, wengine vijana, wengine watu wazima, kila mmoja ana kadi mapajani na mkoba miguuni. Wamenyamaza. Nikawapitishia macho mmoja mmoja nikitafuta sura ninayoijua, na sikuipata, mimi ambaye katika mji wangu siwezi kupita nyumba tatu bila kusalimiwa. Kulikuwa na nafasi moja wazi, ya mtu mmoja. Mbele yake kuna mlango, na ndani ya mlango sioni kitu.

Mwanamke aliyevaa gauni jeupe akatokeza mlangoni akiwa na karatasi. Sasa nikauona uso wa aliyekuwa akiita. Ulikuwa uso wa kawaida, umechoka, wa mtu aliyesimama tangu asubuhi.

"Hawa," akaita.

Nikauma mtandio. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kujificha. Nilimshika somo yangu mgongoni, nikamsukuma mbele, nikamnyooshea kidole.

"Si mimi," nikasema. "Mnamwita huyu, somo yangu."

Wanawake wote wa benchi wakageuza shingo wakanitazama. Somo hakusogea. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha kuliko bafta, kuliko kibao, kuliko mlango.

"Mimi waliniita," alisema. "Sikuitika."

Nikakumbuka. Haikuwa ndoto tena, ilikuwa Jumapili ya kweli, miezi minane kabla hajafa, tumesimama kwenye dirisha la duka mimi na yeye. Alinihadithia kwamba juzi yake alikwenda hospitali. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi na kadi yake, akiwatazama wanaotoka mle ndani wanafuta machozi kwa pindo la khanga. Ilipofika zamu yake nesi akatokeza akaita Hawa. Akaita tena. Yeye akakaa kimya. Aliyekuwa jirani yake akamgusa, mama, si wewe unayeitwa? Akajibu kwamba si yeye, labda wanamwita somo yake. Akainua mkoba, akarudi nyumbani akapika.

Alilisimulia kama kichekesho, kwa namna yake, akiigiza sauti ya nesi. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikaegemea dirisha la watu. Nikamwambia, ungewaambia somo yuko nyumbani anashona, aje wampime yeye! Tukacheka pamoja, tukaenda kununua visheti. Sikumuuliza alikwenda kutibiwa nini. Naapa sikumuuliza. Siku ile na Jumapili zote zilizofuata, mpaka alipokuwa hawezi tena kutembea na mwenyewe akaniambia, na kulikuwa hakuna la kuuliza.

"Hawa," nesi akaita kwa mara nyingine, akaanza kuikunja karatasi.

Nilitaka kumwomba somo radhi. Nilitaka nimwambie kwamba nilicheka kwa sababu alinifanya nicheke, kwamba na mimi niliogopa jibu. Akanisogelea, akaninong'oneza sikioni, na sikuhisi pumzi yoyote shingoni.

"Hawa amebaki mmoja. Itika, somo."

Nikafungua mdomo, na sauti haipo. Nesi anasogeza mlango. Navuta kutoka tumboni, na wanawake wa benchi wanaanza kusogeleana kuiziba ile nafasi yangu. Yule wa pembeni ameshaweka mkoba wake pale. Nikamtafuta somo kwa mkono, sikumpata. Mlango umebaki upana wa kiganja. Sijui kilichonifungua koo. Najua tu kwamba nilikuwa naogopa kuingia, na kwamba mlango ulipokaribia kufungwa nikaogopa zaidi kubaki nje.

"Abee!"

Nikaamka nimekaa kitandani, khanga imelowa, nimeshika hewa. Kulikuwa kumekucha. Rehema alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Mama," akasema, "umemwitikia nani?"

Nikatema mate kushoto mara tatu kama tulivyofundishwa madrasa, nikaomba kinga. Mwalimu wetu alitwambia ndoto mbaya hasimuliwi mtu, nami nimelishika hilo. Rehema hajaisikia mpaka leo atakapoisoma hapa. Na ninaiandika kwa kuwa sijui tena kama ilikuwa mbaya.

Nilimwita akae kitandani. Akakaa mbali kidogo, maana kulikuwa na maji, akaanza kunitania kwamba nimerudi utotoni. Nikauchukua mkono wake, ambao ulikuwa na vumbi la ufagio, nikaupitisha chini ya khanga na ya ile sidiria, nikauweka penyewe. Akadhani ni mchezo mwingine wa mama yake. Akacheka. Halafu vidole vikakigusa, vikasimama, na kicheko kikamwisha mdomoni.

Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Sikumficha wiki hata moja, na nikamwambia pia kwamba mchuzi wake ulikuwa na chumvi ya kutosha. Hapo ndipo alipolia. Mimi sikulia, nilikuwa naogopa kupita nilivyoogopa kwenye ile barabara, kwa sababu sasa nilikuwa macho na hakukuwa na pa kuamkia tena.

Mlango wa mbele ukagongwa, mtu akapiga hodi. Alikuwa mteja, amefuata gauni lake. Rehema akajifuta uso kwa kiganja, akatoka. Mimi bado nimekaa kitandani na khanga mbichi, sijanawa, sijaamua lolote, natazama tu ndala zangu ziko upande gani. Nikamsikia anamwambia yule mteja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba nguo haiko tayari, arudi siku nyingine.

"Mama hayupo," alisema. "Amekwenda hospitali."